Mkuu wa Sheria: Apigiwe Kura au Ateuliwe?

Mwananchi wa Gongoni aingiapo katika kituo cha kupigia kura siku ya uchaguzi mkuu hupewa karatasi 6. Kwa karatasi hizo humchagua Rais, Gavana wa Kilifi, Seneta, Mbunge wa Magarini, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake, na Mwakilishi wa Wadi yake. Hakuna karatasi ya saba ya kumchagua Mkuu wa Sheria, yaani yule mwanasheria aliye juu ya wanasheria wote wa Serikali. Hata hivyo, mtu huyo ambaye jina lake halionekani juu ya karatasi yo yote ya kura aweza kuwa na neno kubwa katika maisha ya mwananchi kuliko wengi kati ya wale waliochaguliwa. Mkulima wa mihogo na minazi aliyezika babu na baba yake katika shamba lake, lakini hana hati ya shamba hilo, akiishtaki Serikali ya taifa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi, hatamkuta Rais mbele ya jaji. Atamkuta wakili aliyetumwa na Mkuu wa Sheria.

Basi si ajabu kwamba watu huuliza: ikiwa mtu huyu ni wa Serikali, na Serikali ni ya watu, mbona watu hawamchagui wao wenyewe? Swali hilo ni la haki, tena si jipya. Ziko nchi ambazo zimelijibu kwa njia moja, na ziko zilizolijibu kwa njia nyingine. Kenya nayo imelijibu, ijapokuwa jibu lake halikuwa lile ambalo watu wengi wangelitazamia.

Kwanza yafaa ijulikane kazi yenyewe ni ipi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 156, yasema kwamba Mkuu wa Sheria hupendekezwa na Rais, kisha Bunge la Taifa hulikubali jina lake au hulikataa, na likikubaliwa Rais humteua. Sharti awe na elimu na uzoefu ule ule unaotakiwa kwa Jaji Mkuu. Yeye ndiye mshauri mkuu wa Serikali katika mambo ya sheria, na ndiye anayeisimamia Serikali ya taifa mahakamani katika kesi zisizo za jinai. Mwisho Katiba humwagiza alinde utawala wa sheria na kutetea manufaa ya umma.

Msomaji ayatazame kwa makini maneno hayo ya mwisho. Mtu mmoja amefanywa kuwa wakili wa Serikali, na mtu yule yule amefanywa mlinzi wa manufaa ya umma. Siku nyingi mambo hayo mawili huenda njia moja bila taabu. Lakini siku ambayo Serikali yenyewe imemkosea raia, mtu huyu asimame upande gani? Wanaotaka achaguliwe kwa kura husema kwamba atasimama upande wa yule aliyempa kazi. Kwa hiyo, wasema, kazi na apewe na watu.

Mambo yalivyo Marekani

Nchi inayotajwa mara nyingi katika jambo hili ni Marekani, kwa sababu majimbo 43 kati ya majimbo 50 ya nchi hiyo huwapigia kura wakuu wao wa sheria. Jimbo la New York lilianza kufanya hivyo kwa katiba yake ya 1846, wakati ambapo majimbo mengi yalikuwa yakiwanyang'anya magavana na mabaraza uwezo wa kugawa vyeo. Majimbo 5 humwachia gavana amteue. Katika Maine huchaguliwa na baraza la kutunga sheria, na katika Tennessee huteuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo. Lakini Mkuu wa Sheria wa Marekani nzima hapigiwi kura kabisa. Rais humteua na Baraza la Seneti humwidhinisha, kama ilivyo Kenya, ambako kazi hiyo ya kuidhinisha hufanywa na Bunge la Taifa.

Faida ya kumchagua ilionekana waziwazi katika Mississippi. Mwaka 1994 Mkuu wa Sheria wa jimbo hilo, Mike Moore, alizishtaki kampuni za sigara ili zilipe gharama ambazo jimbo lilikuwa likitumia kuwatibu maskini waliougua kwa ajili ya tumbaku. Gavana wa jimbo, Kirk Fordice, hakuipenda kesi hiyo hata kidogo, akaenda mahakamani kutaka isimamishwe. Hakufanikiwa. Wala hakuweza kumfukuza Moore kazini, kwa maana si yeye aliyemweka. Mwaka 1997 kampuni zilikubali kulilipa jimbo la Mississippi, na mwaka 1998 wakuu wa sheria wa majimbo 46 walifanya mapatano na kampuni hizo zilipe zaidi ya dola bilioni 200 katika muda wa miaka 25. Ni vigumu kufikiri kwamba mtu aliyeteuliwa na Gavana Fordice angelithubutu kuianza kazi ile.

Lakini jambo hilo lina upande wake wa pili. Mtu anayetafuta kura hutafuta na fedha za kutafutia kura, na wenye fedha hawatoi bure. Tena cheo hicho huko Marekani kimekuwa ngazi ya kupandia vyeo vingine. Bill Clinton alikuwa Mkuu wa Sheria wa Arkansas tangu 1977, na miaka 2 baadaye alikuwa Gavana wa jimbo lile lile. Si dhambi kutaka cheo kikubwa zaidi. Ila mtu aliyeelekeza macho yake katika uchaguzi ujao hukosa raha ya kutoa shauri ambalo watu hawatalipenda, na kazi ya mwanasheria mara nyingi ni kutoa shauri la namna hiyo.

Nchi jirani za Afrika Mashariki hazikufuata njia ya kura. Serikali ya Muungano ya Tanzania na Serikali ya Zanzibar, kila moja huwa na Mwanasheria Mkuu wake aliyeteuliwa na Rais wake. Uganda yeye ni waziri katika Baraza la Mawaziri, naye huteuliwa na Rais kwa kibali cha Bunge.

Funguo zote mkononi mwa mmoja

Wakati wa ukoloni Mkuu wa Sheria wa Kenya aliletwa kutoka ng'ambo kwa amri ya Serikali ya Uingereza, akawa na kiti chake katika Baraza la Kutunga Sheria bila ya kuchaguliwa na mtu ye yote. Mwafrika wa Gongoni hakuulizwa neno. Mmoja wao alikuwa Eric Griffith-Jones. Mwezi wa Juni 1957, wakati wafungwa wa Mau Mau walipokuwa wakipigwa katika kambi za kizuizini, alimwandikia Gavana Evelyn Baring na kumweleza jinsi mapigo hayo yangeweza kupewa sura ya sheria. Akasema kwamba kama ni lazima kutenda dhambi, basi na itendwe kimya kimya. Barua hiyo ilikaa gizani kwa zaidi ya miaka 50, mpaka ilipofichuliwa pamoja na mafaili mengine katika kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Yule ambaye kazi yake ilikuwa kuiambia Serikali kwamba jambo fulani ni haramu, ndiye aliyeitafutia njia ya kulifanya.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, cheo kilishikwa na Mkenya, Charles Njonjo, naye alikaa nacho mpaka 1980. Hakuna aliyetilia shaka elimu yake. Lakini uwezo uliokusanywa mkononi mwake ulikuwa mkubwa mno. Mkuu wa Sheria wa siku zile alikuwa mshauri wa Serikali. Alikuwa na kiti Bungeni. Na juu ya hayo yote, ndiye aliyeamua nani ashtakiwe kwa jinai na nani asishtakiwe. Aliweza kuichukua kesi ya mtu mwingine na kuifuta wakati wo wote, asimwulize hakimu wala mtu mwingine. Oktoba 1976, baadhi ya wanasiasa walipotaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asiushike urais kama Rais angefariki, Njonjo alitoa onyo kwamba kukifikiria na kukiazimia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Mjadala ukanyamaza mara moja. Haikuhitajika kumshtaki mtu hata mmoja, kwa sababu kila mtu alijua funguo za gereza ziko mfukoni mwa nani.

Hata hivyo Mkuu wa Sheria wa zamani alikuwa na ngao moja, nayo ni kwamba hakuweza kuondolewa kazini isipokuwa baada ya uchunguzi wa jopo maalumu. Mwaka 1986 Bunge liliiondoa ngao hiyo, na tangu hapo Mkuu wa Sheria aliweza kufukuzwa kwa neno la Rais. Ilirudishwa mwaka 1990.

Katikati ya miaka hiyo minne lilitokea jambo ambalo kila raia wa Kenya angefaa kulijua. Mwaka 1989 chama kilichotawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi uzuiwe. Mahakama haikusikiliza kama jumba lilikuwa zuri au baya. Ilisema tu kwamba yeye Maathai hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa bustani ni mali ya umma na hakuwa ameumizwa kuliko watu wengine. Mwenye haki ya kushtaki kwa niaba ya umma, ilisema, ni Mkuu wa Sheria. Na Mkuu wa Sheria wakati huo alikuwa mtu ambaye Rais angeweza kumfukuza kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo mlango wa mahakama ulikuwa na bawabu mmoja, na bawabu alikuwa mtumishi wa yule aliyelalamikiwa. Jumba halikujengwa, lakini hilo lilitokana na kelele za watu na kujiondoa kwa wafadhili wa kigeni, wala si kwa amri ya mahakama.

Hata ngao iliporudishwa, ubaya haukuisha. Aprili 2005 mwenye shamba kubwa la mifugo huko Soysambu, Tom Cholmondeley, alimpiga risasi na kumwua askari wa wanyama wa pori, Samson ole Sisina, aliyekuwa kazini bila ya kuvaa sare. Alishtakiwa kwa mauaji, naye akasema alidhani ni wanyang'anyi. Mwezi uliofuata Mkuu wa Sheria, Amos Wako, aliyafuta mashtaka kabla kesi haijasikilizwa. Wamasai waliandamana kwa hasira. Yawezekana kwamba ushahidi ulikuwa hafifu kama ilivyosemwa. Lakini hilo ni jambo ambalo jaji angelipima mbele ya watu, na sheria ya siku zile haikumpa jaji nafasi hiyo.

Bunda la funguo lafunguliwa

Waliotunga Katiba ya 2010 walikuwa na njia mbili mbele yao. Wangeweza kuliacha bunda la funguo kama lilivyo, na kuwapa watu kura ya kumchagua mwenye kulishika. Hawakufanya hivyo. Walilifungua bunda lenyewe na kuwagawia funguo watu mbalimbali.

Ufunguo wa mashtaka ya jinai ulitolewa kwa Mkuu wa Sheria na kupewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Huyo naye huteuliwa na Rais kwa kibali cha Bunge, lakini muda wake ni miaka 8, wala hawezi kuteuliwa tena, kwa hiyo hana sababu ya kujipendekeza ili aongezewe muda. Katiba yasema hataamriwa na mtu ye yote katika kazi yake. Kumwondoa ni lazima pawe na malalamiko yaliyofikishwa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kisha jopo la uchunguzi. Akitaka kuifuta kesi iliyokwisha kufunguliwa, sharti apate ruhusa ya mahakama. Hilo la mwisho ndilo lililokosekana mwaka 2005.

Ufunguo wa tatu walipewa watu wote. Kwa vifungu vya 22, 70 na 258, mtu ye yote aweza kwenda mahakamani kwa ajili ya haki zake au za wenzake, kwa ajili ya Katiba, au kwa ajili ya mazingira, na haambiwi tena kwamba jambo hilo ni la Mkuu wa Sheria peke yake. Watu wa Gongoni waelewa kuliko wengi thamani ya ufunguo huu. Mwaka 2005 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya viwanda vya chumvi vya Magarini, na wananchi walileta malalamiko juu ya kuondolewa katika ardhi, juu ya maji ya chumvi kuharibu visima na mikoko, na juu ya hali ya vibarua. Tume iliandika taarifa yake, lakini tume huandika tu. Amri hutolewa na mahakama. Mwenye kisima kilichoingiwa na chumvi leo aweza kuomba amri hiyo mwenyewe, bila hata ya kuthibitisha kwamba yeye ameumia. Kabla ya 2010 angeliambiwa amngoje mkubwa mmoja wa Nairobi ambaye huenda hakupata kusikia jina la kijiji chake.

Haya hayamaanishi kwamba kila kitu kimenyooka. Novemba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka, Noordin Haji, aliomba kuiondoa kesi ya ufisadi ya zaidi ya shilingi bilioni 7 iliyomhusu Rigathi Gachagua, aliyekuwa ameshika Unaibu wa Rais miezi miwili tu iliyotangulia. Hakimu aliruhusu. Mwaka uliofuata Haji aliiacha kazi yake, miaka yake 8 ikiwa haijatimia, akateuliwa na Rais kuwa mkuu wa Idara ya Ujasusi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ila sheria iliyosema mtu huyo asitazamie kuteuliwa tena katika cheo kile kile, haikusema asitazamie kuteuliwa katika cheo kingine. Panya hupita katika tundu lililosahauliwa.

Karatasi ya saba ingeleta nini?

Je, tundu hilo lingezibwa kwa karatasi ya saba? Watu wa Magarini hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Uchaguzi wao wa Mbunge wa Agosti 2022 uliamuliwa kwa tofauti ya kura chache sana. Kesi ikafunguliwa, uchaguzi ukafutwa na mahakama, na kwa kuwa Tume ya Uchaguzi haikuwa na makamishna tangu mwanzo wa 2023 mpaka Julai 2025, uchaguzi mdogo haukufanyika mpaka tarehe 27 Novemba 2025. Jimbo moja la uchaguzi laweza kuvumilia kiti kilicho wazi, ijapokuwa kwa taabu. Lakini Serikali nzima ikikaa miezi mingi na Mkuu wa Sheria ambaye kiti chake kimo mahakamani, ni nani atakayekwenda kuisemea Serikali katika kesi hiyo hiyo?

Tena kuna hesabu ya kura. Mwaka 2022 walioandikishwa kupiga kura nchini kote walikuwa zaidi ya milioni 22, na wa Kilifi hawakufika sehemu moja katika 20. Mgombea angekwenda kutafuta kura mahali penye watu wengi, na huko wasiwasi wa maskwota wa pwani si habari kubwa. Hata akifika Gongoni, angeahidi nini? Bila shaka angeahidi hati za mashamba, maana ndicho kilio cha watu tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, ambayo iliwaacha Wamijikenda wengi mikono mitupu katika ukanda wa pwani. Lakini Mkuu wa Sheria hana uwezo wa kutoa hati za mashamba. Angekuwa anauza embe zilizo juu ya mti wa jirani.

Jambo zito kuliko yote ni la mashtaka. Tangu Aprili 2023 maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, katika kaunti hii hii ya Kilifi, na mwanzoni mwa 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa katika Mahakama Kuu ya Malindi kwa mauaji ya watoto 191. Waliyakana mashtaka. Kwa jamaa waliopoteza watoto wao, hakuna adhabu iliyo kubwa mno. Basi na afikiriwe mwendesha mashtaka anayetaka kura za watu hao hao katika uchaguzi unaokuja. Ataweza kusema hadharani, kama ushahidi juu ya mmoja wa washtakiwa ni mchache, kwamba huyo na aachiliwe? Na kama siku nyingine mshtakiwa ni mtu anayependwa na watu, mwenye wafuasi maelfu, ataweza kumshtaki? Kadhi wa Waislamu wa pwani hapigiwi kura, na sababu yajulikana: anayekwenda kwake huenda kutafuta hukumu, na hukumu haihesabiwi kwa mikono iliyoinuliwa.

Pamoja na hayo, wanaopenda uteuzi nao wasijisifu mno. Nchi ya Wagiriama ina kumbukumbu yake juu ya wakubwa wa kuteuliwa. Wazee wa kambi katika Kaya Fungo walipata heshima yao kwa umri, kwa viapo na kwa kukubaliwa na wenzao. Kisha Waingereza waliweka wazee wao wenyewe wa kukusanya kodi na vibarua, na watu hawakuwatii. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowakusanya watu na kuwalisha kiapo, wazee hao wa Serikali walijikuta peke yao. Hawakukataliwa kwa sababu ya kuteuliwa. Walikataliwa kwa sababu aliyewateua ndiye peke yake aliyeweza kuwauliza wamefanya nini.

Na hapa ndipo Katiba ya 2010 ilipobakiza kasoro. Mkurugenzi wa Mashtaka iliwekewa muda wake na ngao yake. Mkuu wa Sheria haikumwekea. Tarehe 11 Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto aliwafuta kazi karibu mawaziri wote, na Mkuu wa Sheria, Justin Muturi, alifutwa siku hiyo hiyo pamoja nao, kwa tangazo lile lile. Mkurugenzi wa Mashtaka hakuguswa, wala hangeweza kuguswa kwa njia hiyo. Wako wanaosema kwamba ni sawa, kwa kuwa mteja ana haki ya kubadilisha wakili wake. Neno hilo lingekuwa kweli tupu kama Mkuu wa Sheria angekuwa wakili wa Serikali tu. Lakini kifungu cha 156 kimempa pia kutetea manufaa ya umma, na mteja huyo wa pili hakuulizwa. Kumwekea muda, na kutaka sababu itajwe mbele ya Bunge kabla ya kumwondoa, kungetengeneza mambo kuliko karatasi ya saba, na kwa gharama ndogo sana.

Aliyefuata ni Dorcas Oduor, aliyekuwa amefanya kazi ya mashtaka ya Serikali kwa miaka mingi. Aliapishwa Agosti 2024, naye ni mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Kenya. Kabla ya kuapishwa aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, akaulizwa maswali hadharani.

Wananchi wengi hawajui kwamba wao wenyewe wana nafasi katika maulizo hayo. Kwa sheria ya 2011 juu ya Bunge kuidhinisha uteuzi, kamati haina budi kutangaza siku ya maulizo angalau siku 7 mbele. Katika muda huo mtu ye yote, awe Nairobi au Gongoni, aweza kumpelekea Karani wa Bunge la Taifa maelezo yake ya kwamba aliyependekezwa hafai, pamoja na ushahidi alio nao. Maelezo hayo sharti yaandikwe na yaapiwe mbele ya kamishna wa viapo, ambaye mawakili wa Malindi waweza kuwa ndio. Barua isiyo na kiapo haitoshi, hata ikiwa imetiwa sahihi na kijiji kizima. Na siku 7 ni chache kwa mtu anayengoja habari zifike kwa basi la Garsen, kwa hiyo mwenye neno na aanze kuliandika siku ile ile anapolisikia jina.